Naomba ushauri: kangaja mgonjwa aliye karantini, nianze na nusu ya dawa ya shaba au kipimo kamili?

Kangaja Mpweke: Salaam wakuu. Nina samaki aina ya kangaja, mchanga wa buluu, niliyemtenga mara tu alipofika, kwa nia ya kumwingiza baadaye katika tangi kubwa la maji ya chumvi lenye samaki wanne. Alianza kujikwaruza ukutani, kisha mapezi yakatokwa na vidoa vyeupe mithili ya punje za chumvi, ambavyo vilitoweka vyote na sasa vimerejea kwa wingi zaidi. Bado anakula. Dawa ya shaba ninayo tayari. Naomba kujua kipimo tu.

Chumvi Kali: Pole sana, ndugu. Ila swali la kwanza lingekuwa ukubwa wa tangi, kwa maana kangaja huyo akikomaa hukaribia sentimita 30, na watu wanamnunua akiwa na urefu wa kidole wakidhani atabaki hivyo.

Bibi Matumbawe: Mimi niliwahi kuuziwa samaki mwenye vidoa kama hivyo, na muuzaji akaniapia kwamba ni urembo wa ukoo wao. Urembo huo uliwamaliza wenzake wote.

Mpima Maji: Mleta uzi, karantini yako ina ujazo gani, na umepima amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki?

Kangaja Mpweke: Amonia si tatizo, mkuu, kwa sababu kichujio ni kilekile cha tangi kubwa.

Mpima Maji: Kilekile kivipi?

Kangaja Mpweke: Nimemweka katika boksi la plastiki lenye matundu, lililoning'inizwa ndani ya tangi kubwa. Matundu ni madogo mno, hakuna samaki anayeweza kupita.

Mpima Maji: Samaki hapiti, lakini kimelea kinapita. Dalili zako zinaelekea kwa Cryptocaryon irritans, ambacho hula chini ya ngozi kwa siku 3 hadi 7, hudondoka, hujifungia kwenye mchanga au mawe, kisha hupasuka na kutoa mamia ya vijidudu vinavyotafuta samaki mwingine. Je, tangi hilo lina matumbawe?

Kangaja Mpweke: Yapo, pamoja na kamba wawili na konokono. Ndiyo maana nilifikiria nusu ya kipimo. Wale wanne hawana kidoa hata kimoja, kwa hiyo sioni haja ya kuvuruga tangi zima.

Bibi Matumbawe: Nusu ya shaba haitamponya kangaja, ila kamba wako itawaua vizuri tu.

Nahodha wa Beseni: Kumtenga mgonjwa ndani ya chumba cha wazima ni sawa na kufunga mlango wa chandarua ukidhani umezuia moshi.

Jicho Kavu: Samahani, wadau, hadithi hii naona imetungwa. Vidoa vinatoweka bila dawa, vinarudi vyenyewe, mgonjwa anakula vizuri na majirani zake wote ni wazima. Tunachezewa.

Chumvi Kali: Hata mimi nilishtuka aliposema ana dawa mkononi kabla ya kuuliza ugonjwa.

Mpima Maji: Jicho Kavu, hapo ulipoona uongo ndipo ninapomwamini. Vidoa hutoweka kwa sababu kimelea kimedondoka kukamilisha mzunguko wake, na hapo ndipo wengi hudhani samaki amepona. Hao wanne wanaweza kuwa nacho ndani ya mashavu wanayopumulia, mahali ambapo macho yetu hayafiki. Na kama kisa kimetungwa, basi mtungaji amewahi kufuga samaki.

Jicho Kavu: Basi aweke picha ya boksi.

Kangaja Mpweke: Sikuja kuthibitisha chochote, nimekuja kuomba msaada. Beseni ninalo na pampu ya hewa ninayo. Je, siwezi kumhamisha kangaja peke yake, nikawaangalia hao wengine kwanza?

Mpima Maji: Hapana, watoe wote watano, kisha tangi likae bila samaki kwa siku 76, matumbawe na kamba wakibaki humo. Kwenye beseni watakamokaa usiweke mchanga wala mawe, kwa kuwa hunyonya shaba na kuvuruga kipimo. Weka vipande vya bomba la plastiki wajifiche, na upime amonia kila siku. Shaba uipandishe polepole hadi kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, ukitumia kipimio kinachoendana na aina hiyo ya dawa. Wavu wa tangi kubwa usiutumie kwenye beseni hilo.

Kangaja Mpweke: Siku 76 ni nyingi mno, mkuu. Nikifanya 40?

Nahodha wa Beseni: Sasa nami nimeamini kwamba ni kweli.