Binti achukue Kifaransa au Kichina?

MamaMapacha
Wakuu, habari zenu. Binti yangu anaanza sekondari na wameambiwa wachague lugha moja ya kigeni: Kifaransa, Kijerumani au Kichina. Yeye kang'ang'ania Kichina kwa sababu shoga yake anachukua. Baba yake anataka Kifaransa. Mimi nawajua watu waliokisoma Kifaransa sekondari yote na leo hata kuuliza njia hawawezi. Ipi nafuu kati ya hizo?

ChakiNyeupe
Dada, nafundisha Kifaransa, kwa hiyo ujue mapema navutia wapi.

Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria wiki 30 hivi za masomo ya kutwa kwa Kifaransa, 36 kwa Kijerumani na 88 kwa Kichina. Ila hao ni watu wazima waliokulia Kiingereza. Binti yako ana Kiswahili. Wanafunzi wangu wakilalamika kwamba nomino za Kifaransa zina jinsia mbili (Kijerumani tatu), nawaandikia ubaoni: kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri, miti mizuri. Aliyezimudu ngeli zote hizo atashindwaje na "le" (ya kiume) na "la" (ya kike)? Asikariri tu "table" (meza), akariri "la table", basi.

Kinachowatesa ni imla. "Parle", "parles" na "parlent" (kitenzi "kusema" kwa nafsi tofauti) zinatamkwa sawasawa, na mtoto anayeandika kwa kusikia anaishia kubahatisha.

Hao unaowasema walioshindwa kuuliza njia, wengi walipimwa kwa karatasi. Mtu anapata alama nzuri bila kufungua mdomo! Linganisha na DELF A2, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa wa ngazi ya mwanzo: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila kimoja alama 25. Kufaulu ni 50, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka, hata kama kwingine umeng'ara.

Toni4
Shikamoo mwalimu. Mimi nilichukua Kichina, na nakitetea. Sarufi yake ni mteremko: kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati. Kazi iko kwenye toni, yaani sauti kupanda au kushuka ndani ya neno. "Mǎi" ni kununua, "mài" ni kuuza, sasa jichanganye uone biashara itakavyokwenda. Halafu maandishi. Usipoandika likizo nzima, ukirudi macho yanaitambua herufi lakini mkono haujui mstari wa kwanza unaanzia wapi. Kama binti si mtu wa kukaa na daftari kila siku, hata kidogo, ataumia.

MamaMapacha
Asanteni. Hizi programu za simu je, haziwezi kuziba pengo?

ChakiNyeupe
Kwa msamiati, sawa. Kwa mazungumzo, mara nyingi mtoto anabonyeza jibu tu, hakuna anayembana aseme sentensi nzima. Ningekuwa wewe, kabla ya kubishana na baba yake ningeuliza shuleni: mwalimu wa kila lugha yupo kweli au anatafutwa? Vipindi vingapi kwa wiki? Kuzungumza kunapimwa? Lugha "nafuu" isiyo na mwalimu ni ghali kuliko Kichina.

MamaMapacha
Nimeuliza. Kichina mwalimu yupo, vipindi vinne, na kila muhula wanapimwa kuzungumza. Kifaransa mwalimu "yuko njiani". Sasa mnisaidie namna ya kumwambia baba yake.

Toni4
Hilo mama, halina kamusi 😂