Wadau, vijana wa mchoro wamenigomea. Nifanyeje?

MchoraPwani: Salaam wadau. Niko Malindi. Tangu Januari tunachora ukuta wa mita 14, mimi na vijana tisa wa mtaani. Ni habari ya Uhuru, ile setilaiti iliyorushwa hapa kwetu tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ndiyo ikapewa jina hilo. Roketi inapaa katikati ya minazi, setilaiti tumeiunda kwa ndala zilizookotwa ufukweni. Zimebaki nyota tu. Sasa wamegoma, na uzinduzi ni wiki mbili. Nitafute wengine wamalizie?

FundiRangi: Hizo ndala umezigandisha kwa gundi gani? Mimi nilichora samaki kwenye duka la ami yangu Kilifi, ukuta sikuupiga msasa. Miezi mitatu, chumvi ikala samaki wote wakabaki mikia.

MamaWatatu: Mwanangu, vijana hawagomi bure. Umewafanya nini?

MchoraPwani: Ni mambo ya chai na nauli tu, mama.

MamaWatatu: Nauli ya wapi, na umesema ni vijana wa mtaani? Sema.

MchoraPwani: Haya. Kuna hoteli inataka picha hiyohiyo ukutani mwao, mapokezi. Shilingi 180,000. Nimesaini peke yangu, na 60,000 za kwanza nimeshalipia kodi ya nyumba. Lakini wazo ni langu! Lilikuwa kwenye daftari langu kabla sijawajua. Kuokota ndala si sanaa.

Kibuyu: Setilaiti inaitwa Uhuru, walioiunda wanafanyishwa kazi bure 😂😂

UstadhWaJioni: Mpe kibarua ujira wake kabla jasho halijakauka. Mengine ni maneno.

Darubini70: Mimi hadithi hii siiamini. Uhuru ilirushwa na Waitaliano kwa roketi ya Scout ya Marekani, kutoka jukwaa la San Marco, na jukwaa liko MAJINI. Ukisimama Ngomeni unaliona. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Mtu wa Malindi anachoraje roketi ikitokea kwenye minazi? Huyu hata Malindi hajafika.

Kibuyu: Weka picha ya ukuta basi.

MchoraPwani: Picha nikiweka mtanijua. Na jukwaa nalijua kabla yako, babu yangu alikuwa akitega nyavu upande ule. Kwenye daftari nililichora na nguzo zake. Minazi ni ya wale vijana. Nilitaka kuifuta, wakakataa katakata.

Darubini70: Jibu la haraka hilo. Bado siamini.

MamaWatatu: Na hoteli, wanataka picha ya daftari au ya ukutani?

MchoraPwani: Ya ukutani.

MamaWatatu: Pamoja na minazi?

MchoraPwani: Minazi ndiyo waliyoipenda.

FundiRangi: Gundi hujajibu.