MREJESHO: Kanuni za supaseleksheni, ni za msingi au la?

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kanuni ya supaseleksheni, yaani katazo la kuchanganya hali zenye chaji tofauti za umeme ziwe hali moja (superposition) katika nadharia ya kwanta, ni sheria ya msingi ya maumbile au ni upungufu wa vipimo vyetu. Aliyenielekeza kwa wanafizikia Aharonov na Susskind, asante sana, umenifungua macho.

Wanafizikia Wick, Wightman na Wigner walilieleza katazo hilo mwaka 1952. Mwaka 1967 Aharonov na Susskind wakajibu: fazi (tofauti ya hatua ya mawimbi) kati ya hali za chaji mbili haina maana peke yake, ila ukiwa na mfumo mwingine mkubwa wa kuilinganisha nao, inapimika. Bila mfumo huo, ni kama kuulizia kaskazini bila dira. Jumla ya chaji ya mifumo yote miwili haibadiliki, kwa hiyo hakuna kilichovunjwa. Hapo nilikaa kimya kitambo!

Kwa chaji, basi, naegemea upande wao. Kinachonigomea ni katazo la kuchanganya chembe zenye spini (mzunguko wa asili wa chembe) ya nusu, kama elektroni, na zenye spini kamili, kama fotoni, chembe ya mwanga: zungusha digrii 360, hali ya elektroni inageuka alama (jumlisha huwa toa), ya fotoni haigeuki, kwa hiyo ukizichanganya fazi kati yao ingebadilika. Mzunguko kamili wa mfumo mzima haupaswi kubadilisha chochote kinachopimika, na sioni dira ya kulilegeza hilo. Kwangu hili bado ni la msingi.