Wakuu, hizi soksi za kubana mnavaaje na joto hili la Dar?

Mlinzi_Getini: Habari za usiku. Nasimama getini masaa 12, mishipa ya miguu imetoka kama kamba, ikifika jioni mguu wa kushoto umejaa mpaka kiatu kinagoma. Nikaambiwa nivae soksi za kubana, boksi limeandikwa 20-30, ndo kiwango cha kubana. Kuzivaa ni vita na jasho lote hili. Nikizikata vidoleni zipumue kuna shida?

MamaChapati: Pole kaka. Mie nilivaa nikiwa na mimba ya mapacha. Vaa alfajiri kabla hujashuka kitandani mguu haujajaa, na glovu za kuoshea vyombo, unapandisha taratibu. Mume wangu ndo alikuwa ananivalisha, siku hizi hata maji ya kunywa hanipi, ila hiyo mada nyingine.

Babu_Karatu: Chipsi mayai kila usiku halafu mnashangaa mishipa.

MkataIshu: Ukishakata si ni ndala hizo 😂

NesiWaZamu: Nani alikupima kifundo na kigimbi? Una sukari?

Mlinzi_Getini: Muuzaji alikadiria kwa macho. Sukari ninayo, mwaka wa 9, ila naimudu.

NesiWaZamu: Vidole vina ganzi?

Mlinzi_Getini: Kidogo tu. Na kuna kidonda kadogo hapo kifundoni hakiumi hata. Usinitishe nesi, za 30-40 nishazilipia advansi, jamaa kasema zikibana zaidi ndo zinaponesha haraka.

NesiWaZamu: Hakiumi ndo kinachonitisha mimi. Soksi inasaidia damu ipande kurudi juu, mishipa iliyotoka hairudi ndani. Sasa kama damu ya kushuka nayo inafika kwa shida, na sukari inaiharibu sana hiyo mishipa, hapo umejikaba mwenyewe. Vua. Kesho hospitali wapime presha ya kifundoni walinganishe na ya mkononi, wao ndo waseme uvae ipi au usivae.

Kachero_wa_Uzi: Ngojeni kwanza. Huyu si mwezi uliopita alikuwa Mwanza anauza Noah? Leo mlinzi Dar? Chai hii.

MamaChapati: Heee! Na mume wangu nimemwanika bure.

Mlinzi_Getini: Noah ya shemeji nilimtangazia tu jamani. Chai gani, nimezivua hapa zimeacha mfereji chini ya goti, na kidole gumba nakifinya sisikii kitu.

NesiWaZamu: Kina rangi gani?

Mlinzi_Getini: Taa ya geti ya njano hii, sioni vizuri.

NesiWaZamu: Washa tochi ya simu. Kama kimepauka au kina bluu usingoje asubuhi, nenda sasa hivi.

MkataIshu: Mkuu, Noah bado ipo?