Kimashine cha mkononi na maabara: hesabu inasema sawa, macho yanakataa

mwalimu_njoro
Wadau, naombeni msaada. Mimi na watoto wa klabu ya sayansi tumepima floridi (madini ya majini yanayotia meno madoa yakizidi) kwenye visima sita huku Njoro, ambako meno ya kahawia ni kama kitambulisho. Kila chupa tuliigawa: nusu tukapima wenyewe kwa kimashine cha mkononi, nusu ikaenda maabara Nakuru mjini.

Maabara, miligramu kwa lita: 8.2, 2.1, 5.5, 1.7, 3.9, 6.4.
Kimashine, mpangilio uleule: 7.6, 1.8, 5.0, 1.3, 3.5, 5.6.

Jaribio la t (la kulinganisha wastani mbili) kwenye Excel limenipa p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hii kwa bahati tu, ya 0.73. Eti hakuna tofauti! Na kimashine kiko chini mara zote. Nimekosea wapi?

mama_takwimu
Mwalimu, umeyapima kama makundi mawili yasiyojuana. Visima vyenyewe vimeachana mno, 8.2 huku na 1.7 kule, hiyo tofauti ya wastani ya 0.5 itasikika vipi katikati ya kelele hiyo? Chupa ni moja, basi toa kwanza, kisima kwa kisima: 0.6, 0.3, 0.5, 0.4, 0.4, 0.8. Sasa visima vimetoka kwenye hesabu, imebaki tofauti ya vipimo tu. Wastani wake 0.5, mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika) 0.179. Gawa huo mchepuko kwa kipeuo cha pili cha 6, unapata 0.073. Halafu 0.5 gawa kwa 0.073: t ni kama 6.8. Kwa jozi sita, t ikipita 2.57 tu tayari una habari: si rahisi iwe bahati tu. Excel ikikuuliza aina ya jaribio, jaza 1. Nadhani ulijaza 2.

fundi_pampu
Mimi vipeuo vilinishinda tangu shule. Lakini rusha shilingi mara sita: kuangukia upande uleule zote sita ni nafasi 2 kwa 64. Hicho kimashine kinapunja. Mlikirekebisha kwa maji yenye kiwango kinachojulikana kabla ya kuanza?

mama_takwimu
Swali zuri. Na mtazame kisima cha nne: maabara 1.7, kimashine 1.3. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5.

mwalimu_njoro
Kweli nilijaza 2. Kwa 1 p inashuka hadi 0.001. Kurekebisha tulirekebisha, ila mwezi uliopita.

Kisima cha nne ni cha shule yetu. Ijumaa niliandika "SALAMA" kwa chaki juu ya mfereji. Wacha nikafute kabla ya watoto kutoka mapumziko.