Kombe la bega limevunjika hadi ndani ya kiungo: je, ni lazima apasuliwe?

Mwana_Uyole
Habari zenu, ndugu. Kaka yangu, ambaye umri wake umepita miaka 40, alianguka na bodaboda kwenye mteremko wa Iwambi wiki iliyopita, akavunjika mbavu mbili pamoja na kombe la bega la kulia. Kifua kinaendelea vizuri, lakini majibu ya CT-Scan yanaonyesha kuwa ufa umeingia katika kishimo ambamo kichwa cha mfupa wa mkono hukaa, na kwamba kipande kimoja kimeshuka kwa milimita 6. Daktari ameshauri apasuliwe. Wazee wanasema kombe huunga lenyewe, maana jirani yetu alipona kwa kuning'iniza mkono tu. Tumsikilize nani?

Tabibu_Loleza
Pole kwa mgonjwa. Kuhusu jirani yenu, wazee wamesema kweli. Kombe la bega huvunjika kwa nadra, chini ya asilimia 1 ya mifupa yote inayovunjika, kwa kuwa limefunikwa na misuli mbele na nyuma; na kwa kuwa misuli hiyo ina damu nyingi, ufa wa kwenye bapa huunga ndani ya wiki 6 hivi bila kisu, hata mfupa usipokaa sawasawa kabisa.

Kishimo hicho, ambacho sisi hukiita glenoidi, kina hesabu nyingine. Kina gegedu laini, na gegedu likiwa na ngazi, yaani upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, kila mkono unapoinuliwa kichwa cha mfupa husugua kwenye ukingo huo, hadi kiungo kinasagika kabla ya uzee. Wapasuaji wengi huanza kufikiria upasuaji ngazi inapofika milimita 4 au 5. Huufikiria pia iwapo takriban robo ya uso wa kishimo imebanduka, kwa sababu bega hilo huwa linateguka ovyo. Sijaiona picha yenu, lakini kwa milimita 6 ushauri wa daktari wenu una msingi.

Muulizeni kipande kiko upande gani. Kikiwa mbele, hupasuliwa mbele. Kikiwa nyuma, mpasuaji hupita nyuma ya bega, kati ya misuli miwili inayozungusha mkono kwenda nje, kisha hukirudisha kipande mahali pake na kukifunga kwa bamba dogo na skrubu. Karibu na hapo hupita mshipa wa fahamu unaoendesha mmoja wa misuli hiyo, nao ukivutwa mno mkono hudhoofika. Hatari hiyo, pamoja na maambukizi, aelezwe mgonjwa mwenyewe kabla ya kutia saini.

Jambo moja msilicheleweshe: baada ya wiki 3 vipande huwa vimeanza kushikana, na kuvipanga upya huwa kazi ngumu zaidi.

Mazoezi_Tiba_Iringa
Naongezea upande wangu. Chuma kisiwafanye msahau mazoezi, kwani bega lililofungwa muda mrefu hukakamaa. Kwa kawaida huanza kusogezwa na mtaalamu siku chache baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa hajikazi. Kujiinulia mkono mwenyewe hufuata baada ya wiki kadhaa, na kubeba gunia la viazi hungoja miezi 3 au zaidi. Wakulima wetu ndipo wanapotushinda.

Mwana_Uyole
Nashukuru sana. Je, tumpeleke Dar es Salaam, MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili), au hapa Mbeya panatosha? Na vyuma hutolewa lini?

Tabibu_Loleza
Vyuma huachwa humo humo, isipokuwa vikimsumbua. Kuhusu mahali, mwulizeni mpasuaji wa hapo bila haya kama amewahi kufunga glenoidi. Swali hilo si utovu wa adabu, kwa kuwa ni mivunjiko ambayo hata daktari mzoefu huiona mara chache. Akisema ni bora apewe rufaa, ombeni barua wiki hii, mchukue na CT-Scan yenyewe badala ya karatasi ya majibu peke yake, na daktari athibitishe kwanza kuwa pafu ni zima kabla hajasafiri zaidi ya kilomita 800.