Neema na kibarua cha getini

*UKOO WA BABU NDAHANI*

*Neema:* Shikamooni wote. Mama usipige simu kwanza, soma hadi mwisho. Nimepata kibarua, kibanda cha miamala ya simu pale nje ya geti la chuo. Saa 10 jioni mpaka saa 4 usiku, siku sita. Elfu tano kwa siku.

*Mama Neema:* Marahaba. Nimesoma hadi mwisho. Saa 4 usiku hapana.

*Daudi:* 😂😂

*Shangazi Stela:* Mbukwenyi ukoo. Kwani bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, halijaingia?

*Neema:* Liliingia shangazi. Elfu kumi kwa siku, msosi na malazi humohumo. Linakuja kwa mkupuo, linaondoka kwa mkupuo. Saa hizi nadaiwa hadi na mama wa chapati.

*Baba Mdogo:* Floti, hela ya kuendeshea kibanda, ni ya nani?

*Neema:* Ya tajiri mwenye kibanda. Ikipungua jioni nakatwa mimi.

*Baba Mdogo:* Hapo ndipo pa kuuliza, siyo hiyo elfu tano. Mwaka juzi niliweka binti kwenye kibanda changu pale Sabasaba. Kaja kijana ana haraka, anasema nimeshatoa, angalia meseji. Kweli meseji imeingia, maandishi yaleyale, kumbe imetoka namba ya mtu tu. Binti hakuangalia salio, akahesabu laki mbili akampa. Kwa malipo yako wewe hizo ni siku 40 unafanya kazi bure.

*Neema:* Ulimkata?

*Baba Mdogo:* Tusiongelee hilo.

*Mjomba Elia:* ‼️KAZI MTANDAONI‼️ WANACHUO WOTE!! Lipwa 50,000 kila siku ukiwa nyumbani. Tuma 15,000 tu ya usajili NAFASI CHACHE

*Daudi:* Mjomba tafadhali futa. Kazi gani inaanza kwa wewe kumlipa bosi?

_Ujumbe huu umefutwa_

*Mjomba Elia:* Nilikuwa naulizia tu.

*Daudi:* Neema, mimi mwaka wa pili nilikuwa naenda kupogolea zabibu Hombolo kila Jumamosi. Mkasi unakuachia malengelenge lakini Jumatatu niko darasani.

*Shangazi Stela:* Na sapu mbili ukapata, ukarudia mitihani.

*Daudi:* Sapu zilikuwa za takwimu shangazi, zabibu hazihusiki.

*Shangazi Stela:* Neema, si unasomea ualimu wa hesabu wewe? Jirani yangu hapa Kisasa ana mtoto kidato cha tatu, hesabu kaleta F. Anatafuta mwalimu Jumamosi na Jumapili asubuhi. Nilimtajia elfu kumi kwa kipindi, akanyamaza.

*Mama Neema:* Kunyamaza ndiyo kakubali au kakasirika?

*Shangazi Stela:* Alinimiminia chai nyingine.

*Neema:* Ngoja nipige hesabu. Kibanda elfu 30 kwa wiki. Usiku ule kutoka getini hadi hosteli siwezi kutembea, mnajua chuo kilivyotawanyika, kwa hiyo boda 2,000 kila siku. Inabaki 18,000, kama sijakatwa. Tuisheni 20,000, toa daladala 1,200 mara mbili, inabaki 17,600.

*Baba Mdogo:* Mia nne ndiyo unataka kulala saa 5?

*Neema:* Halafu Jumatano nina darasa mpaka saa 12 jioni 🙈 Hilo nilikuwa sijamwambia tajiri.

*Mama Neema:* Sasa naruhusiwa kupiga simu?

*Neema:* Piga mama. Shangazi, mwambie nakuja Jumamosi. Ila alipe palepale kila kipindi kikiisha, mambo ya mwisho wa mwezi siyawezi.

*Shangazi Stela:* Nitamwambia. Njoo na chaki, ubao wanao.

_Jumamosi_

*Neema:* Nimefika tangu saa 3. Mtoto kajifungia bafuni anasema anaoga.

*Shangazi Stela:* Kaa hapohapo. Maji huku yamekatika tangu juzi, atatoka tu.